Mbegu Niliyosema Imekufa

Mwanzo wa habari hii nimeuandika mara tatu na mara tatu nikauchana. Mara ya kwanza nilijitetea sana. Mara ya pili nilijilaumu mno, nikaja kuona kwamba nako kule ni kujitetea kwa njia nyingine. Ya tatu sikumbuki ilikuwa na kosa gani. Basi sasa nitaandika kama ninavyoandika habari za bamvua kwenye daftari: siku ilivyokuwa, maji yalivyotoka, na tulichokikuta.

Mimi ni mkulima wa mwani. Shamba langu liko baharini, mbele ya kijiji chetu, kusini ya Msambweni. Bamvua likifika, siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, maji hutoka mbali, na sisi hupata saa tatu hivi za kufanya kazi kabla hayajarudi. Tunakita vigingi, tunavuta kamba baina ya vigingi, na kwenye kamba tunafunga vishada vya mwani kwa nyuzi tunazoziita taitai. Wiki sita zikipita tunavuna, tunaanika, na vile vishada vizuri tunavikata vipande tukavirudisha majini. Vipande hivyo ndivyo mbegu. Mwani hauna mbegu ya kuweka kwenye chupa. Mbegu yake ni mwani wenyewe, na ukitoka majini siku moja tu umekwisha.

Nilisoma mpaka darasa la nane. Mwandiko wangu unasomeka, ndiyo sababu kikundi chetu cha akina mama kikanifanya katibu. Daftari la kikundi lilikuwa la mahudhurio tu: fulani kaja, fulani anauguza. Mengine niliyaongeza mwenyewe, sijui kwa nini. Niliandika maji yalikuwa ya moto kiasi gani nikitia mguu, kamba ipi imeota, kamba ipi imeharibika. Pengine ni uchoyo wa kutaka kitu changu kisisahauliwe. Mengine hata hayakuwa ya mwani. Niliandika nani kaja nyumbani na tumezungumza nini, kwa sababu daftari lilikuwa lile moja na kalamu ilikuwa ile moja.

Miezi ya joto ndiyo inayotutesa. Maji yakichemka mwani unaanza kuwa mweupe kwenye ncha, unalainika, kisha unakatika na kuondoka na mawimbi. Mwaka mmoja niliona kwenye kamba ya saba vishada vichache havikugeuka. Nilichana leso kuukuu, nikavifunga kitambaa kila kimoja nisivipoteze. Kuanzia hapo nikawa nakata mbegu kwenye vyenye kitambaa tu. Mwaka uliofuata wenzangu walipoteza karibu kamba zote, na mimi zile za leso zikabaki.

Walinicheka kwanza.

"Katibu anauvisha mwani leso," alisema mwenyekiti wetu. "Kesho tutasikia anautafutia mchumba."

"Na wewe utaalikwa," nikamwambia, "uje na zawadi."

Baadaye waliacha kucheka wakaomba mbegu, na nikawapa wote. Hapo lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo habari yangu haina maana. Sisi wa mwani, mwenye mbegu akiombwa hutoa. Haulizi utanipa nini. Na anayepewa hasemi ahsante, husema tu "nitaitia majini", kwa kuwa shukrani yake ni kumpa mwingine siku mwingine akiomba. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa kijiji cha Jego, na ndiye aliyenitia katika kazi hii. Alikuja na ndoo ya mbegu iliyofunikwa gunia bichi, akaniinamisha majini siku nzima mpaka nikajua kufunga. Nikamwambia, "Nitaitia majini, wifi." Akasema, "Na mgongo uutie dawa."

Kama mwani wa kamba ya saba ulitoka kwenye ndoo ile, siwezi kuapa. Nilipata mbegu kwa watu wengine wawili mwaka uleule. Lakini kamba ya saba ilikuwa upande nilioanzia.

Mwalimu wa chuo kikuu alikuja kwa habari za joto la bahari, si kwa ajili yangu. Ni mwanamke wa bara, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alipofika alinipa shikamoo kabla ya kutaja alichokijia, nikampenda kwa hilo. Siku ya kwanza alichomwa mguuni na mwiba wa urumba, yule mnyama wa bahari mwenye miiba kama nungu, akakaa mchangani akautoa mwenyewe, akarudi majini. Nasema haya ili anayesoma asimfikirie vibaya. Sijaona baya lake.

Aliviona vitambaa vya leso, akauliza, nikampa daftari. Alisoma kurasa nyingi amesimama, maji yakamfika magotini bila yeye kujua. Alichukua vishada, akavipeleka chuoni, na baada ya miezi akarudi na habari kwamba ule mwani kweli unavumilia joto kuliko mwingine wote alioupima. Alikuja pia na karatasi ya kutia sahihi.

Tulikaa kwenye banda la kukaushia, kikundi kizima, akatusomea. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili, kurasa mbili. Ilisema chuo kitaomba haki juu ya mbegu ile, jina la kikundi litakuwamo pamoja na la chuo, na mpaka maombi yakamilike sisi wanakikundi hatutampa mbegu mtu yeyote asiye mwanakikundi, wala kumweleza habari zake.

Mwenyekiti akauliza, "Kwani mwani ni siri? Si uko pale nje, kila apitaye anauona?"

"Wanauona, mama, lakini hawajui kuwa ndio huu."

"Na weye ukishajua, utawaficha wenzako wasomi?"

Mwalimu akacheka, lakini si cheko la kufurahi. Akatueleza mambo yake. Mfadhili aliyetoa fedha za utafiti anataka kila kinachopatikana kiwekwe wazi, dunia nzima isome bure. Ofisi ya chuo inayoshughulikia haki za uvumbuzi inasema wakitangaza kabla ya kuandikisha, haki imepotea, na mtu wa mbali anaweza kuichukua mbegu, akaiandikisha yeye, kisha akaja kutuuzia.

"Sasa wewe unamsikiliza nani?" akaulizwa.

"Nawasikiliza kwa zamu."

Tulicheka sote. Mimi niliona maneno ya ofisi ni ya kweli, na ya mfadhili ni ya kweli pia, na mpaka leo naona hivyo. Kama elimu ingefichwa, mwalimu asingejua hata pa kuanzia kuupima mwani wangu. Na kama kila kitu kingekuwa ovyo, sisi ndio ambao kwa kawaida huchukuliwa vitu vyetu. Nilitia sahihi kwa niaba ya kikundi. Sikulazimishwa. Nikiri pia kwamba kalamu ile niliishika kwa raha. Katika maisha yangu sijawahi kuombwa sahihi ila kliniki na shuleni kwa watoto.

Wifi alikuja katikati ya miezi ya joto iliyofuata. Alifika asubuhi na ndoo yake, ileile au mfano wake, na ndani ya ndoo mlikuwa na mchele wa shamba lake, kiasi cha kututosha wiki. Alipika yeye, tukala. Kisha akasema:

"Wifi, wangu umekwisha wote. Umekuwa mweupe kama pamba. Nimesikia wako umesimama."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu. Kwani ni jambo la kufichwa?"

Nilikuwa na njia nyingi. Ningemwambia kuna karatasi. Lakini karatasi ilisema tusimweleze mtu habari zake, na kumwambia kuna karatasi ni kumweleza. Ningempigia simu mwalimu nikamuuliza, na simu ilikuwa na salio. Sikupiga kwa sababu niliona aibu, ataniona ndiyo kwanza nimetia sahihi na nimekwisha tafuta mlango wa kutokea. Na pana la tatu, ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi: wifi amekuwa mbele yangu katika kila kitu tangu niolewe, na siku ile mimi ndiye niliyekuwa nacho. Sijui ni sehemu gani ya neno langu ilitoka huko. Pengine ndogo. Sitaki kusema haikuwapo.

Nikamwambia, "Imekufa."

"Yote?"

"Yote. Watu wanasema mambo ya mwaka jana."

Alinitazama kidogo. Upande ule wa pwani yetu nyumba yangu inaangalia bahari, na bamvua lilikuwa limeanza. Kama angetembea hatua mia mbili angeona kamba zimejaa. Hakwenda. Mtu akishakwambia mbegu yake imekufa huendi kuchungulia shambani kwake, ni kama kumfunulia mfiwa maiti. Aliisuuza ndoo kisimani kwetu, akaipindua, akaondoka nayo tupu.

Jioni ile, kabla ya magharibi, niliandika kwenye daftari: "Maji ya moto. Kamba tisa nzima, mbili zimekatika. Wifi amekuja kutoka Jego kuomba mbegu. Nimemwambia imekufa yote. Si kweli." Niliandika kwa kuwa nilizoea kuandika. Labda pia nilidhani ukiandika kosa limepungua.

Wifi aliacha mwani. Alihangaika huku na huku kutafuta mbegu ya kuvumilia, akapata ya kawaida, ikafa pia. Akaingia katika kuvunja kokoto. Kazi ile huifanya ameketi chini, nyundo mkononi, mawe ya matumbawe mbele yake, na siku moja kipande kiliruka kikampata jicho la kushoto. Hospitalini walilisafisha. Linaona, lakini anasema ni kama kutazama kupitia chandarua. Mume wangu alipoleta habari hii nilikuwa nafunga taitai, nikaendelea kufunga mpaka nikamaliza ule mfungo. Jicho lilipigwa na jiwe, halikupigwa na mimi. Hilo ni kweli. Pia ni kweli kwamba mwenye kamba za mwani zilizosimama hakai kuvunja mawe.

Mwalimu alipokuja tena aliomba kulipiga picha daftari lote, kila ukurasa, kwa simu yake. Aliniuliza kama kuna ukurasa nisioutaka. Nilisema chukua tu, yote ni ya mwani. Sikukumbuka. Au nilikumbuka nikaona haya kusema, maana kuutaja ukurasa ule ningepaswa kueleza kwa nini. Nimejiuliza sana juu ya dakika ile na sipati jibu lililosimama.

Baada ya hapo ikaja masika nzito. Mto wa karibu nasi ulishusha maji ya mvua na tope mpaka ndani ya ghuba yetu, siku baada ya siku, bahari ikawa rangi ya chai. Mwani hauwezi maji baridi yasiyo na chumvi. Tulipoweza kushuka, kamba zangu zilikuwa wazi kabisa, taitai zimening'inia bila kitu. Vitambaa vya leso vilikuwa bado vimefungwa. Nilivihesabu, sijui kwa nini, kisha nikaacha. Kwa wenzangu wote hali ilikuwa hiyohiyo, maana tuko ufuo mmoja. Mbegu ile ilikuwa mahali pamoja tu, mbele ya kijiji kimoja, kwa kuwa karatasi ilisema iwe hivyo.

Hatukukata tamaa kwanza. Tulijua mwingine uko chuoni, kwenye matangi. Nikampigia mwalimu. Nikamweleza ya kwetu.

"Mama, nilitaka nije nikwambie ana kwa ana."

"Niambie tu."

"Pampu ya tangi ilizimika wakati wa likizo. Aliyepaswa kuangalia hakuwapo. Tuliporudi maji yameoza."

"Wote?"

"Wote. Tuna uliokaushwa, na tuna vipimo vyake vyote. Hai hatuna."

Ilikuwa zamu yangu kujiuliza kama ninaambiwa kweli. Nilimwamini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia akamaliza. Maombi ya haki, akasema, yatakoma hapo hapo, kwa sababu ofisi haina cha kuandikisha. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Hakuna ndugu yeyote uliyempa? Jirani? Mtu wa vijiji vingine?"

"Karatasi ilisema mtu yeyote."

"Najua. Lakini tulikuwa tunawaza makampuni, na watafiti wengine. Ndugu zenu wa mwambao hatukuwawaza. Kusema kweli, wakati tunaiandika ile karatasi hatukuwafikiria hata kidogo."

"Basi mngeandika."

"Ndiyo," akasema. "Tungeandika."

Simlaumu, kwa sababu aliyeandika alikuwa mwanasheria wa ofisi ambaye hajawahi kuloa miguu, na aliyesoma ni mimi. Mtu mwingine katika kikundi chetu angempa wifi yake mbegu bila kuikumbuka karatasi, na leo ingekuwapo. Mimi nilikuwa mwaminifu. Sijui niliweke wapi neno hili.

Mwalimu aliona kilichobaki ni kuweka kila kitu wazi. Hapakuwa tena na kitu cha kulinda, na mfadhili alikuwa akingoja. Akatoa andiko lake, na pamoja na andiko akaweka vipimo vyote, picha zote, na kurasa za daftari langu zilivyo, majina ya watu yakiwa yamezibwa kwa wino mweusi. Yeyote mwenye simu anaweza kufungua. Alinitumia, nikaona mwandiko wangu kwenye kioo. Sikufika kwenye ukurasa ule.

Wifi hana jina kwenye daftari langu. Nilimwandika "wifi" tu. Wa kuziba majina hakuwa na cha kuziba. "Jego" nayo ikabaki.

Binti yake wifi anasomea ualimu. Andiko lilipita kwenye kundi la simu la wakulima wa mwani wa mkoa wetu, watu wakisifiana kwamba sisi pia tumo. Binti akafungua akiwa kwao, akaanza kumsomea mama yake kwa fahari, maana ni daftari la mke wa mjomba wake. Alisoma mpaka pale.

Nilipata habari kwa mume wangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda mwenyewe, mie siwezi kukubebea hilo."

Nikaenda Jego. Nilitafuta cha kuchukua nikakosa. Kwenda na unga au sukari ilikuwa kama kulipa, na kwenda na mbegu ndiyo ingekuwa sawa, lakini haipo duniani. Nikaenda mikono mitupu. Nilimkuta uani kwake, kokoto lundo upande mmoja, miwani ya plastiki ameisukuma juu ya mtandio.

"Hujambo wifi."

"Sijambo. Karibu. Kaa, jua kali."

Binti alileta maji, akaingia ndani. Wifi akaendelea kugonga mawe mawili matatu, kisha akaweka nyundo chini.

"Karatasi ile," nikaanza, "ilisema mtu yeyote. Nilitia sahihi. Niliogopa..."

"Nimesikia habari za karatasi. Mwanangu kanisomea yote, hata palipoandikwa Kizungu kanifasiria. Chuo sina neno nacho. Chuo hakinijui."

Nikayanywa yale maji.

"Ungeniambia umekatazwa ningerudi zangu," akasema. "Ningekasirika mpaka njia panda, basi. Lakini uliniambia imekufa. Nimekaa mwaka mzima nikikuonea huruma. Nimekuombea dua, wifi. Kwenye kila sala nikakutaja na mwani wako."

Akaokota kokoto zilizotawanyika, akazirudisha kwenye lundo.

Baadaye akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya samaki, "Kweli hakuna hata kishada?"

"Hakuna. Wa kwangu umekufa kweli, na wa chuo umekufa."

"Sasa nikuamini vipi?"

Nilimwambia hawezi. Akatikisa kichwa, akavuta nyundo, akaiweka tena.

"Na hukuandika sawasawa," akasema. "Umeandika nimekuja kuomba. Dunia nzima inasoma kwamba mwanamke wa Jego amekuja kuomba. Mbona hukuandika nilikuja na mchele? Mbona hukuandika mbegu ya kwanza ulipata kwa nani?"

Alikuwa na haki. Siku ile nilikuwa nimeshiba mchele wake na sikuuandika. Nilijiona mkweli sana kwa kuliandika kosa langu, na heshima yake nikaiacha nje.

Niliporudi nyumbani nikamwandikia mwalimu ujumbe mrefu, nikaomba ukurasa ule uondolewe, au urekebishwe. Alijibu siku hiyohiyo. Alisema anasikitika, alipaswa kunisomea kila ukurasa kabla ya kuutoa, na kosa ni lake. Niliona amejitwika kubwa kuliko sehemu yake, nikamwambia hivyo. Kuondoa, akasema, anaweza kuomba, lakini watu wamekwisha nakili, na nakala hazirudi. Kurekebisha inawezekana kwa kuongeza waraka mpya juu ya ule wa zamani. Nimpe maneno, atayaweka kama nitakavyoyaandika.

Nilikaa na daftari siku mbili. Nilichompelekea ni hiki, na nakiweka hapa pia, maana sijui wa Jego watafungua kipi:

"Aliyekuja siku ile hakuja mikono mitupu. Alikuja na mchele wa shamba lake, akaupika mwenyewe, tukala sote. Yeye ndiye aliyenipa mbegu yangu ya kwanza kabisa na kunifundisha kuifunga. Siwezi kuapa kwamba mwani uliovumilia joto ulitoka kwake, lakini kamba ya saba iko upande nilioanzia na mbegu yake. Alinipa bila kuandikiana. Nilipoombwa na mimi, nilisema uongo."

Mwalimu ameuweka. Nimemtumia binti, nikamwomba amsomee mama yake. Alama za kuonyesha umefunguliwa zimetokea, na siku kumi na mbili zimepita bila neno kutoka Jego. Bamvua lijalo nitashuka kwenye zile kamba tupu, niziondoe pamoja na vile vitambaa, kwa kuwa vinakamata uchafu.